Presha

Kishimba, kwado wa barabara ya Kasenga,
ametandika turubai, ameweka tairi tatu
kama daktari anayepanga picha za mapafu.
Chagua, dada, anasema. Ila usichague kwa macho.

Mwaka jana nilichagua kwa macho.
Janti za inchi kumi na nane, nyeusi, ukingo rangi ya shaba.
Jumamosi nikapita Kamalondo polepole,
kila shimo likinigonga mpaka kwenye magego,
na watoto wakapiga mbinja hadi nikajiona bibi harusi.
Jumapili, kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa, njia ya Kipushi,
Toyota yangu nyeupe ilikwenda
kama mtu aliyeazima viatu.
Kwenye kona ya tatu, ile ya kichuguu,
usukani ulinijibu kwa kuchelewa,
kama mgonjwa anayetoka kwenye dawa ya usingizi:
unamwita jina, anakutazama, halafu ndipo anakuja.
Banza akanipita na Golf ya marehemu baba yake,
janti za chuma, hata vifuniko hazina.

Uzito unaozunguka, asema Kishimba, ni deni lenye riba.
Kilo moja kwenye kiti unaibeba tu.
Kilo moja kwenye gurudumu
unaiamsha, unailaza, unaiamsha tena,
kila kona inakudai upya.
Anainua janti ya inchi kumi na tano kwa kidole kimoja.
Vidole viwili, nisiwe mwongo.

Tairi la kwanza limevuka Kasumbalesa juu ya lori,
sura nzuri, mifereji mirefu.
Naligeuza ubavu, nasoma tarakimu nne:
wiki ya thelathini na moja, mwaka wa kumi na mbili.
Nabonyeza ukucha. Hauingii.
Ngozi hii naijua, nimeipaka mafuta wodini
kwenye visigino vya watu waliolala miezi.
Hapana.

La pili ni laini, karibu kipara,
linanata kiganjani kama bukari ya moto.
Hili litashika. Litashika
mpaka wingu la kwanza la mwezi wa kumi na moja,
halafu litanikabidhi kwa kichuguu.
Na bei yake, kwa manne, ni mshahara wangu
na nusu ya ule wa Monga,
ambaye anadhani niko zamu.

La tatu halina maneno.
Upana mia moja tisini na tano, mabega manene,
uso wa karani wa ofisi ya ardhi.
Ukucha unaingia, unatoka, alama inabaki kidogo.
Nipe haya. Manne.
Kishimba anacheka: gari litaonekana kama kuku aliyenyeshewa.
Na lionekane.

Mwezi wa sita, asubuhi ina meno,
lami kuukuu imelala na umande wake.
Moja nukta tisa, magurudumu yote.
Nachora chaki ubavuni, mistari mitatu mitatu,
kisha mizunguko mitano, miwili ya kupasha moto,
mitatu ya kweli.
Narudi, napiga magoti kwenye vumbi jekundu.
Mbele kushoto chaki imeliwa
hadi kupita ile pembetatu ndogo pembeni:
linajilaza mno, naliongezea pumzi.
Nyuma kulia mistari imesimama mizima, haijaguswa.
Natoa kidogo. Psss. Nasikiliza. Psss.

Watu huniambia wako muzuri,
mimi nasubiri sindano ya kipimo itulie.

Mzunguko wa nane, kichuguu tena.
Nyuma ikaanza kuteleza, lakini iliniarifu mapema,
kwa mlio mwembamba, nami nikalegeza mkono,
ikarudi mahali pake yenyewe.
Sekunde nne nimepunguza. Nne na kidogo.
Hakuna aliyepiga mbinja.

Banza anakuja na glavu kwapani,
anaomba nimwazime kipimo, lake limekufa.
Kaa chini kwanza, namwambia, kunja mkono wa shati.
Na yeye, maskini, anakaa, anakunja.